Kilele cha Kupigiwa Kura

Drumgarvie, 29 Septemba 1987

Rhoda mwanangu,

Sisi huku wazima, ila mgongo wangu, na mgongo si habari. Ng'ombe nilishamuuza, usiniulize tena. Anayeandika ni Netta Baillie wa nyumba ya pili, maana mimi na kalamu hatujawahi kuelewana na macho sasa yananionyesha ukungu mtupu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambie maneno. Mchungaji mpya kaanguka na baiskeli mbele ya duka la nyama, kachanika suruali, kanisa zima limejua ana chupi ya rangi gani. Nisalimie watoto, na Colin pia.

Sasa sikiliza. Nimetoka kwenye sherehe ya baba yako na mpaka leo sijala nikashiba.

Unamjua mdogo wangu na milima yake. Kila mlima wa nchi hii uliozidi futi elfu tatu lazima aukanyage kichwani, miaka thelathini, kama mtu anayedai. Akabakiza mmoja tu, Beinn Ghuirm, kauweka makusudi kwa kuwa ni mpole, hata wazee wa chama chao cha wapanda milima wangeweza kwenda naye siku ya kumaliza. Basi chama kizima kikaenda Ijumaa, na baba yako akasema, "Dada, huwezi kukosa." Mimi, umri huu! Nikapakiwa kwenye gari kati ya mifuko ya viazi, nikateremshwa kwenye nyumba ya chama iliyo chini ya mlima.

Mwanangu, ile si nyumba. Ni zizi lenye vitanda. Mvua ilianza kabla hatujafunga mlango wa gari ikanyesha mpaka Jumapili, na watu wote wale, walimu, mtu wa benki, yule Fergus Gillanders mwenyekiti aliyekuwa daktari wa meno, wakaanika soksi zao juu ya jiko. Juu ya supu yangu! Nilikuwa napika supu ya kondoo na shayiri, naona tone linatoka kwenye soksi, tii, ndani ya sufuria. Nikasema, "Daktari, soksi yako inaongeza chumvi." Akacheka, "Ina virutubisho, Bi Dolina!" Wakacheka wote. Mmoja kaweka mguu wake mezani, karibu na mkate, anatoboa lengelenge kwa sindano, maji yanaruka. Mwingine kaweka meno yake ya bandia kwenye kikombe, na kikombe chenyewe ndicho nilichopewa asubuhi ninywee chai. Netta anasema nisiseme hilo. Andika, Netta.

Harufu nisiitaje. Mbwa aliyelowa ana heshima zaidi.

Jumamosi wakapanda. Sasa wana desturi yao: anayemaliza siku hiyo haruhusiwi kushika ramani wala kuongoza. Anapelekwa nyuma kama bibi harusi. Wenzake wanatangulia, wanasimama pande mbili karibu na rundo la mawe la kileleni, wanainua fimbo juu kama lango, naye anapita chini yake peke yake, anagusa jiwe la juu. Basi wanapiga makofi, wanafungua wiski, wanakata keki. Na baba yako, unajua mwenyewe, ndiye anayejua ramani kuliko wote pale. Yeye huyo kawekwa nyuma mikono mitupu.

Wakarudi jioni wamelowa mpaka kwenye uboho, ukungu ulikuwa mzito hawakuona hata pua zao, lakini furaha tele. Baba yako uso ulimng'aa. Kanikumbatia na maji yake yote, kanilowesha kifua. "Nimemaliza, dada! Nimemaliza!" Nikamwambia, "Vua hayo manguo utakufa." Lakini nilifurahi, sikufichi. Tangu mama yako afariki sijamwona hivyo.

Jumapili asubuhi baba yako akatoka kuwasha gari. Tuko mezani, wanakula mayai na soseji. Muriel Tough, yule mwanamke mrefu mwenye pua nyekundu ya baridi, akaweka uma chini.

"Hatukufika," akasema.

"Hatukufika wapi?" Fergus akauliza.

"Kileleni. Nilishawahi kupanda mlima ule. Kilele kina nguzo ya wapima ardhi. Lile rundo kubwa la jana si kilele, ni kichwa cha upande wa mashariki. Kilele kiko mbele yake, unavuka uwanda. Jana nilikuwa natetemeka tu, nimekuja kukumbuka kitandani."

Ungesikia soksi zinavyodondosha maji. Fergus ndiye aliyekuwa ameshika ramani, nikamwona anapaka siagi mkate ambao ulishapakwa.

"Tumekunywa wiski," akasema. "Tumekata keki. Mtu kafurahi. Mnataka tumwambie nini? Nasema tupige kura. Wanaoona tunyamaze, mikono juu."

Nao wakainua, Rhoda. Watu wazima, wengine soseji bado iko kwenye uma, mafuta yanawatiririka mkononi mpaka kwenye shati. Muriel naye akainua, taratibu. Fergus akanigeukia mimi, "Na wewe Bi Dolina, kwa ajili ya Ewen." Nikamwambia mimi si mwanachama, sina kura. Baba yako akaingia, akasema gari tayari, na wote wakaanza kuongea kwa pamoja habari ya hali ya hewa.

Nilitoka nje nikatapika. Hawakujua ni nini, wakasema ni yale mayai.

Sasa niambie wewe. Wewe ndiye mtoto wake wa pekee. Mimi nataka kumwambia leo kabla ya kesho, lakini wewe ukisema neno nitalisikia. Kuna jambo jingine la daktari wake, hilo ni lake mwenyewe kukueleza.

Shangazi yako,
Dolina

*

Dunedin, 25 Oktoba 1987

Shangazi mpendwa,

Barua yako imefika wiki hii, nimecheka na nimeudhika kwa pamoja. Natumaini mgongo umepoa. Huku ng'ambo ya dunia ndiyo tunaanza kupata jua. Alec kaota meno mawili ya mbele, Jean anaogelea kama samaki, shule zinanichosha lakini nashukuru. Watoto wanakusalimu. Mshukuru Netta kwa mwandiko wake mzuri, na umwambie asikuache uwatukane watu bure.

Shangazi, nakuomba usimwambie baba. Alinipigia simu wiki ile ile ya mlima. Hiyo sauti sijaisikia tangu mama alipokuwa hai. Alinieleza yote, lango la fimbo, keki iliyolowa, jinsi Fergus alivyolia. Nikamwambia hongera baba, nadhani alikuwa anafuta macho. Sasa mimi nije nimvue hiyo furaha kwa sababu ya mawe? Kutoka rundo moja hadi jingine ni mwendo mdogo tu, wewe mwenyewe umesema ni kuvuka uwanda. Nani anaumia? Wale watu wamefanya kwa wema. Wakati mwingine wema ni kunyamaza.

Na hilo la daktari ni lipi? Kwenye simu hakuniambia kitu. Alisema mzima kama jiwe.

Usikasirike.

Rhoda

*

Drumgarvie, 23 Novemba 1987

Rhoda mwanangu,

Salamu. Theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka, tumebaki na tope. Paka kaleta panya sebuleni, kamweka juu ya Biblia, sijui anataka kunifundisha nini. Netta ana mafua, ukiona doa kwenye karatasi ujue ndilo.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya pili nilimwambia Netta asimame katikati. Unaandika kama Fergus Gillanders. Wema ni kunyamaza! Mwanangu, mimi nimefuga wanyama maisha yangu yote. Ng'ombe akiwa na jipu hufuniki kwa kitambaa cha maua ukasema nani anaumia.

Ngoja nikupe la juzi. Chama kilifanya karamu kwenye ile hoteli ya darajani, meza zina vitambaa vyeupe, nyama ya paa imepikwa mpaka imekuwa kamba ya kiatu. Mchuzi wake umeganda juu, ukiugusa unatikisika kama kitu kilicho hai. Wakamwita baba yako mbele. Wamemtengenezea kikombe cha fedha, kimechongwa jina lake na jina la mlima na ile tarehe. Fergus akasimama, kajifuta mdomo, kaanza: "Sote tulikuwepo. Sote tulimwona Ewen akigusa kilele." Anamtazama machoni! Na wale wengine wanaitikia, "Naam! Naam!" Mate yalinijaa mdomoni, nikameza, nikaona nimekunywa sumu. Muriel Tough alikuwa anatazama sahani yake kama inamwita.

Baba yako akasema, "Asanteni. Sikujua kama mnanipenda hivi."

Hilo ndilo lililonimaliza. Mtu anashukuru! Anawashukuru kwa kumfanya mjinga. Sasa anapita mtaani, wale wanacheka naye, wanampiga mgongoni, na kila mmoja anajua kitu ambacho yeye hajui kuhusu maisha yake mwenyewe. Unaona uchafu wake? Si mawe, Rhoda. Mawe hayana shida.

Sasa la daktari nitakwambia, maana naona yeye hatakwambia. Ni moyo. Daktari kasema akitaka kuona uzee wangu aache milima, au kama lazima, basi polepole, siku kavu, na mtu pembeni. Alikwenda Beinn Ghuirm akiwa ameshaambiwa. Ndiyo maana hawezi kuambiwa mwakani. Akiambiwa, aambiwe angali na miguu.

Wewe umenikataza na nimekutii mpaka leo. Nijibu upya.

Na swali dogo. Barua yako ya mwisho, watoto wananisalimu, shule inakuchosha, jua linawaka. Colin hanisalimu? Siku zote huandika mstari wake mmoja pale chini, wa kunitania kuhusu ng'ombe. Au hajui kama nimemuuza?

Dolina

*

Dunedin, 17 Januari 1988

Shangazi,

Nisamehe kuchelewa. Kulikuwa na likizo, kulikuwa na joto, kulikuwa na Krismasi ya kukaa ufukweni na kuku wa baridi, watoto walitaka uone. Hayo yote ni kweli lakini siyo sababu.

Colin aliondoka mwezi wa saba. Yuko kaskazini na mwanamke wa ofisini kwao. Hata siku ile baba ananipigia simu ya mlima wake, mimi nilikuwa nimekaa sakafuni katikati ya makabati ambayo Colin aliyaacha wazi. Nikamwambia sisi wote wazima.

Sikutaka mtu wa huko ajue. Nilijua utauliza, wewe pua yako inanusa toka bahari ya pili.

Lakini nataka nikwambie kitu. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Marafiki zangu hapa walijua, shangazi. Mwaka mzima kabla hajaondoka. Wale wanawake ninaokunywa nao chai kila Alhamisi, walijua, wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe wasiniambie, kwa wema. Walikaa mezani kwangu wakala keki niliyooka mimi, wakauliza Colin hajambo. Mimi nikajibu hajambo, safari za kazi zimezidi. Nikikumbuka nyuso zao wakati ninajibu hivyo, mwili unanisisimka. Kuachwa naweza kukubali. Zile nyuso siwezi.

Mwambie baba. Nilikosea. Mwambie yote, na mimi pia mtaje, kwamba nilijua.

Ila hilo la Colin usimwambie. Tafadhali. Moyo wake hauwezi kubeba mambo mawili. Nitamwambia mwenyewe wakati ukifika.

Rhoda

*

Drumgarvie, 2 Mei 1988

Rhoda mwanangu,

Pole. Nimeianza na hilo neno kwa sababu nikilichelewesha nitaanza kumtukana mtu na Netta ataweka kalamu chini. Pole sana mwanangu. Yule Colin sikuwahi kuyapenda masikio yake. Basi, nimenyamaza.

Watu wazima huku. Kondoo wa Netta kazaa mapacha. Mchungaji sasa anatembea kwa miguu. Umekaa bila barua yangu miezi mitatu na sababu ni kwamba nilitaka jambo liishe kwanza nikueleze likiwa zima.

Nilimwambia Februari. Alikuja kula kwangu, samaki wa chumvi na viazi, kama kila Jumanne. Nikasema, "Ewen, ule mlima hukufika."

"Mlima gani?"

"Wa mwisho. Mlikunywa wiski kwenye rundo la upande. Kilele kilikuwa mbele."

Akaendelea kutafuna. Akatoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni ya sahani vizuri kabisa. "Nani kasema?"

"Muriel Tough. Jumapili ile, wewe uko nje unawasha gari. Wakapiga kura."

"Kura ya nini?"

"Ya kukuficha."

Hapo akaweka kisu chini. "Nilihisi," akasema. "Miguu yangu ilihisi ardhi bado inapanda kule mbele. Nikajiambia, Ewen, leo si siku yako ya kushika ramani, Fergus anajua." Halafu akauliza, "Mikono yote iliinuka?"

"Yote."

"Muriel pia?"

"Aliinua. Nusu."

"Mkono hauinuki nusu, dada."

Mimi nikadhani atauliza habari za kikombe, au atamtukana Fergus, nilishajiandaa kumsaidia. Akauliza, "Na Rhoda alijua?" Kama ulivyoniagiza, nikamwambia ndiyo, tangu Oktoba, na kwamba ndiye aliyesema niseme. Akasema, "Aliniambia hongera baba, na alipojua hakuifuta." Basi. Hakumaliza samaki. Nimempikia mtu huyu tangu ana miaka minne na hajawahi kuacha samaki.

Kesho yake akakibeba kile kikombe mpaka kwa Fergus, akakiweka mlangoni, hakubisha hodi. Fergus akaja kwangu mbio, uso kama unga. "Bi Dolina, umefanya nini? Tulikuwa tumekubaliana!"

"Mlikubaliana nyie. Mimi nilikuwa natapika."

"Tulifanya kwa upendo!"

"Daktari," nikamwambia, "ulikosea njia ukaona aibu, ukaiita aibu yako upendo ukaipigia kura. Ondoka kwenye mlango wangu, unaingiza tope."

Akaondoka. Wengine wakatuma kadi zenye picha za maua. Baba yako hakuzijibu. Mmoja tu alikuja na miguu yake, Muriel, siku ya mvua, pua nyekundu. Alisimama uani hakutaka kuingia. Akasema, "Ewen, niliinua mkono. Sina la kujitetea." Baba yako akamtazama muda mrefu, mimi niko dirishani, mvua inamwingia mwanamke shingoni. Akamwambia, "Ramani utashika wewe au mimi?" Yule akasema, "Wewe."

Wakaenda wiki iliyopita, siku kavu, polepole kama konokono, anapumzika kila kona, vidonge vya daktari mfukoni mwa Muriel. Mimi nilikaa hapa nikasafisha jiko mara tatu. Akarudi jioni, mzima, kachoka, uso hauna rangi lakini mtulivu. Nikamuuliza kilele kikoje.

"Kibaya," akasema. "Nguzo imepasuka, mawe manne, mavi ya kondoo mpaka basi. Lile rundo la uongo ni zuri mara mia."

"Mlipiga makofi?"

"Muriel alitaka. Nikamkataza."

Nikamwekea chai. Nilikuwa na furaha, Rhoda, nasema kweli, nilijiona mwanamke msafi katika nchi ya wachafu. Basi akaishika chai yake kwa mikono miwili, akanitazama, akauliza kwa sauti ya kawaida tu kama mtu anayeuliza sukari iko wapi:

"Dada, kuna kitu kingine mnanificha? Wewe na Rhoda?"

Na wewe ulikuwa umeniandikia tafadhali.

Nikamwambia hapana.

Mdomo huu huu. Na yeye akaniamini, hakuuliza mara ya pili, akanywa chai yake yote akasema ni tamu. Kaniaga, kanibusu shavuni. Nimenawa uso mara ngapi sijui, na bado nalisikia lile busu, limenikaa kama utelezi. Wale wa chama angalau walikuwa wengi wakagawana. Mimi uongo wangu nimeubeba peke yangu, na anakuja kila Jumanne, anakaa kile kile kiti, anakula, ananiuliza Rhoda hajambo. Nami najibu hajambo.

Usiniandikie tena mambo ya moyo wake. Moyo wake umepanda Beinn Ghuirm ukateremka. Yuko nyumbani kila jioni kuanzia saa kumi na mbili za huku, na simu anaipokea mwenyewe. Jibu la karatasi silitaki. Netta nimemwambia ukileta barua airudishe posta bila kuifungua. Mpigie, na umpigie siku barua hii inapokufikia, maana Jumanne sitapika tena mpaka ajue.

Shangazi yako,
Dolina